Mheshimiwa Msafishaji wa Bwawa

Nchi ninayoisimulia ipo, ila jina lake nimeombwa nisilitaje, na aliyeniomba alikuwa amevaa miwani myeusi na ana sauti ya upole sana. Basi tuiite nchi tu. Ina milima, ina mito, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko mahitaji, na ina Mlezi Mkuu, ambaye analilea taifa zima bila ya kuombwa.

Raia wa nchi hiyo ni wachapakazi. Nasema hivi mapema msije mkawaelewa vibaya. Wanalima, wanajenga, wanafua, wanapika, mradi tu hawajateuliwa. Maana huko kuna sheria nzuri inayoitwa Sheria ya Heshima ya Uteuzi. Inasema kwamba mtu akilisikia jina lake redioni katika taarifa ya habari ya jioni, baada ya kupigwa tarumbeta, basi papo hapo amekuwa mteule, na mteule haruhusiwi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Akionekana na jembe, ameidhalilisha mamlaka iliyomteua. Akionekana na ufagio, ndiyo kabisa. Sheria imesisitiza kusikia, kwa sababu zamani mzee mmoja aliteuliwa akiwa usingizini, akaamkia shambani kwake kama kawaida, akashtakiwa. Hakimu akaona si haki mtu kuadhibiwa kwa cheo ambacho hakukisikia.

Sasa Mlezi Mkuu alizindua bwawa la kuogelea. Lilichimbwa nyuma ya bustani ya Ikulu, likawekewa vigae vyeupe na maji ya buluu, likaitwa Bwawa la Taifa. Utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, ngoma zikapigwa, itifaki ikazingatiwa. Kuogelea hakuogelea mtu. Mgeni rasmi alikuwa hajaogelea, na nani angethubutu kumtangulia?

Maji yakakaa. Yakawa ya kijani kidogo, halafu kijani kamili, halafu yakaanza kuwa mazito kama uji. Waziri wa Habari akaeleza kwamba hiyo ni rangi ya matumaini. Vyura wakasikia habari, wakahamia na familia zao. Kila Mlezi Mkuu alipohutubia bustanini, vyura walimwitikia kwa nguvu zao zote, na redio ikatangaza kwamba wananchi wamempokea kwa shangwe.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha, kama jirani yetu wa ng'ambo ya mto, naye ni rais, asingepigwa picha akiendesha baiskeli. Picha ile ilimnyima Mlezi Mkuu usingizi. Akatangaza kuwa siku ya Jumapili ya Jubilei, mbele ya marais wenzake, atapiga mbizi katika Bwawa la Taifa.

*

Tangazo hilo lilimkuta Bi Siwatu akipaka mkate siagi. Kisu kikamponyoka.

Bi Siwatu ndiye aliyekuwa Katibu wa Bwawa la Taifa. Alikuwa mama mnene kiasi, mcheshi, mwenye kucheka kwa mabega, na bwawa lile alikuwa hajawahi kuligusa hata kwa ncha ya kiatu, maana yeye ni mteule. Mumewe, Mzee Kirobo, fundi cherehani, alimtazama juu ya miwani yake.

"Mama Zeituni, mbona umekuwa rangi ya lile bwawa?"

"Kirobo, usinitanie. Mzee anataka kuogelea."

"Si aogelee? Bwawa si lake?"

"Akitoka mle atakuwa amevaa mwani kichwani! Na mimi nitapandishwa cheo!"

Hapo Mzee Kirobo akaacha utani. Kupandishwa cheo, katika nchi hiyo, ndiyo adhabu ya mteule aliyeharibu. Hufanywa Mkuu wa Kituo cha Kupima Upepo katika Mkoa wa Chumvi, huko ambako hata mbuzi hutazamana kwa huruma. Unaondoka jioni ileile, na likizo hakuna. Waliopelekwa huko wamekosa mazishi ya wazazi wao na kuzaliwa kwa wajukuu wao, wanapima upepo. Na Jumamosi inayofuata Jubilei ilikuwa harusi ya Zeituni, binti yao wa pekee. Kadi zimeshagawiwa. Kwenye kadi imeandikwa kwa herufi za dhahabu kuwa mama wa bibi harusi ni Mheshimiwa, kwa sababu Bi Nargisi, mama wa bwana harusi, alisisitiza.

Zeituni alikuwa mlangoni, ameshika vitambaa vya kupima.

"Mama, utakuwepo?" akauliza.

"Nitakuwepo, mwanangu," Bi Siwatu akasema. Moyoni alikuwa anaogopa kwelikweli.

*

Ikaundwa Kamati ya Kumtafuta Msafishaji Anayefaa. Mwenyekiti alikuwa Dokta Bungala, ambaye udaktari wake hakuna aliyeujua ni wa nini, na adabu haikuruhusu kuuliza. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilianzia tumboni.

"Ndugu wajumbe," alifungua kikao, "itifaki imezingatiwa. Swali lililo mbele yetu si dogo. Msafishaji ni nani? Anasafisha nini? Na je, kusafisha si kukiri kwamba kuna uchafu? Na kama kuna uchafu, nani aliuzindua?"

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaomba chai.

Kwa bahati, Bi Siwatu alimfahamu mtu. Aliitwa Chande, msafishaji wa bwawa la hoteli moja kando ya ziwa, kijana mwembamba mwenye viganja vigumu na wimbo mdomoni wakati wote. Akaitwa kwenye usaili. Dokta Bungala akamkazia macho.

"Bwana Chande, dira yako kuhusu maji ni ipi?"

"Dira sina, mkuu. Nimeyachungulia hayo maji juu ya ukuta nikija. Machafu. Nipeni brashi ya mpini mrefu, wavu na klorini, na huyo anayelinda pampu aiwashe. Pampu yenyewe imezimwa, kuna mtu ameanikia soksi juu yake."

Kamati ikapigwa butwaa. Tangu nchi ipate uhuru hakuna aliyewahi kujibu swali la usaili kwa kujibu swali. Wakampigia makofi. Bi Siwatu nusura ambusu. Tatizo likawa dogo tu: mtu asiye mteule haruhusiwi kuingia kwenye ua wa Ikulu. Basi jioni tarumbeta ikalia, na redio ikatangaza kuwa Mlezi Mkuu amemteua Ndugu Chande kuwa Msafishaji wa Bwawa la Taifa.

Asubuhi Bi Siwatu aliwahi bwawani, brashi imeegemezwa ukutani. Akaja Chande. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono ameiweka nyuma, na wimbo hakuna.

"Chande, karibu baba. Brashi hii hapa."

Chande akaitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Mheshimiwa Katibu," akasema taratibu, "nadhani jana hukusikiliza taarifa ya habari."

"Nilisikiliza! Mimi ndiye niliyependekeza jina lako!"

"Basi unajua mwenyewe. Mimi sasa ni mteule. Nikishika hiyo brashi, nafungwa." Akainamisha kichwa, na kwa sauti yake ya zamani akaongeza, "Mama, naomba radhi. Viganja vinaniwasha kwa hamu. Lakini mke wangu ana mimba."

Bi Siwatu hakumlaumu. Amlaumu nani? Chande akaomba apewe naibu wa kumsaidia kusugua. Naibu akapatikana, akatangazwa redioni, akaja na suti. Naibu akaomba kaimu. Kaimu akaomba msaidizi. Kila jioni tarumbeta ikalia, kila asubuhi suti moja zaidi ikasimama ukingoni mwa bwawa, wote mikono nyuma, wakitazama maji kwa uchungu wa kizalendo. Brashi yenyewe ikatiwa ndani ya sanduku la kioo na kuwekwa mlangoni, chini yake pameandikwa ISIGUSWE. Vyura wakazidi kuzaana.

*

Wazo la mashine lilikuwa la Dokta Bungala, na lazima tumpe haki yake, lilikuwa wazo zuri.

"Ndugu wajumbe, sheria inasema mteule ni yule aliyesikia. Sasa niambieni, mashine ina masikio?"

"Haina!" wajumbe wakaitikia.

"Haina masikio! Kwa hiyo itatangazwa, haitasikia, itafanya kazi!"

Bi Siwatu alishangilia mpaka kiti chake kikalia. Wakaletewa mashine za namna mbalimbali wachague. Kulikuwa na ya kufyonza, inayoburuta bomba refu na kunywa uchafu kama mlevi wa msibani. Kulikuwa na ya kusukumwa kwa nguvu ya maji, ikarushia kamati nzima matope na kukataliwa kwa utovu wa nidhamu. Na kulikuwa na ya tatu, ndogo, yenye magurudumu ya mpira na brashi tumboni, inayotambaa yenyewe chini ya maji na kupanda kuta bila kuelekezwa. Hiyo ndiyo waliyoichagua, baada ya mjadala mrefu juu ya rangi yake. Ilikuwa nyekundu, na mjumbe mmoja alitaka kujua msimamo wake wa kisiasa.

Tarumbeta ikalia. Mashine ikatangazwa. Haikusikia. Bi Siwatu akalala usingizi wa kwanza tangu tangazo la Jubilei.

Asubuhi akamkuta Chande ameisimamisha mashine mlangoni. Kufikia siku hizo Chande alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Usafi wa Bwawa, maana walipokuwa wengi chini yake ikabidi yeye apande.

"Chande, iache iingie majini!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Mwanasheria amekuja. Anasema mteule asiyesikia ni kama yatima, lazima serikali imteulie mtu wa kumsikilizia. Jana usiku ameteuliwa Msikilizaji wa Mashine. Amesikia kwa niaba yake. Kwa hiyo mashine imeshasikia."

Bi Siwatu alikaa chini kwenye nyasi, na gauni lake jipya.

Mashine ikaapishwa. Gurudumu lake likawekwa juu ya Katiba, Msikilizaji akala yamini kwa niaba yake, jaji akaipa mkono, akakosa pa kushika, akashika waya. Ikapewa ofisi yenye kiyoyozi, zulia, gari na dereva. Watu walipokuja kuiona waliambiwa iko kwenye kikao, na ilikuwa kweli, kwa sababu ilikuwa imekaa. Baada ya muda sifa zake zikaanza kuenea mjini. Wenye shida walisema hawajawahi kuona kiongozi kama huyo: hakatizi mtu anapozungumza, hapandishi sauti, haombi chochote, na hajamwajiri shemeji yake hata mmoja. Wazee wa wilaya fulani waliitembelea kulalamikia kisima, wakatoka wanafuta machozi. Alhamisi ya kuelekea Jubilei, tarumbeta ikalia mara mbili. Mashine ikawa Waziri wa Maji.

Bwawa lilikuwa linanuka mpaka barabarani.

*

Ijumaa alasiri Bi Siwatu aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Aliwakuta wanawake wa mtaa wamejaa uani, wanachambua mchele wa harusi, wanacheka, wanatupiana maneno. Zeituni katikati yao, miguu imepakwa hina nusu, wamemjaribia. Bi Siwatu akasimama mlangoni na kumtazama mtoto wake. Jumapili mzee atatoka majini amejaa kijani, Jumapili jioni yeye yuko kwenye lori la kwenda Chumvi, na Jumamosi hina hii itakamilishwa yeye hayupo. Alijikaza kisabuni, akaingia.

Pembeni ya bomba alikuwepo jirani yao, Mama Kijoti, ameinama kwenye sufuria kubwa la pilau. Analisugua kwa mchanga na jivu, jasho linamtoka.

"Mama Kijoti, jamani, umekuja kusaidia ama kujiua? Sufuria lenyewe si la Bi Nargisi?"

"Ndiyo maana nalisugua! Nililiazima kwa maulidi yangu, likakaa kwangu na masizi yake mpaka leo. Sikulijali hata siku moja. Lakini leo nalirudisha, shoga. Nimrudishie mtu sufuria lake na masizi? Nisemwe mtaa mzima?"

"Kwa hiyo lilipokuwa kwako halikuoshwa."

"La nini? Lilikuwa kwangu."

"Unaliosha kwa sababu unalirudisha."

"Wewe Siwatu, una homa? Kila mtu huosha anaporudisha!"

Bi Siwatu hakuwa na homa. Alikuwa amekumbuka kitu. Alikumbuka siku alipoingia ofisini kwake mara ya kwanza, akamkuta mtangulizi wake, bwana mmoja mwenye kitambi aliyekuwa ametenguliwa siku hiyohiyo, yuko magotini anapangusa chini ya meza kwa shati lake mwenyewe. Maana nchi ile ina sheria nyingine, haitajwi sana, ya Makabidhiano: aliyemwaga unga kwa kutenguliwa hatoki getini mpaka akabidhi alichokabidhiwa, kikiwa katika hali ileile aliyokipokea. Na mtu aliyetenguliwa si mteule tena. Anaweza kushika chochote, na getini hazuiwi kuingia mpaka amalize kukabidhi.

Akavuta kanga yake akajifunga kiunoni.

"Kirobo!" akaita. "Nipeleke Ikulu!"

"Umeitwa?"

"Naenda kuomba nifukuzwe kazi."

Wanawake waliacha mchele mikononi. Katika nchi hiyo mtu aliyetenguliwa haendi Chumvi, hapana, anarudi nyumbani tu. Lakini majirani huacha kumsalimu, na mwenye duka humsahau jina. Hajawahi kutokea mtu wa kuomba kitu hicho. Zeituni akasimama na hina yake nusu.

"Mama, na wakwe? Na kadi?"

"Mwanangu, kadi inataka mheshimiwa. Wewe unamtaka nani?"

Zeituni hakufikiri hata kidogo. "Nakutaka wewe," akasema.

*

Mlezi Mkuu alimpokea kwenye baraza ya juu inayotazama bwawa, amevaa pajama ya hariri yenye nembo ya taifa. Kwa karibu alikuwa mzee mdogo tu, mwenye masikio makubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wanasema unataka nikutengue. Nimewaambia wamekosea kusikia. Watu hapa hulia nisiwatengue."

"Hawakukosea, mzee. Nitengue mimi, mtengue Mkurugenzi Mkuu Chande, Dokta Bungala na kamati yake, manaibu, makaimu, wasaidizi, wote wenye cheo kinachohusu bwawa. Utangaze kesho asubuhi."

"Mmekosa nini?"

Bi Siwatu akavuta pumzi. Alikuwa na jibu zuri la kiofisi alilolitunga njiani, lenye changamoto na mchakato ndani yake. Likamtoroka lote.

"Bwawa ni chafu, mzee."

Kule chini vyura wakaitikia. Mlezi Mkuu akatega sikio.

"Hao ni wananchi?"

"Hao ni vyura, mzee."

Mzee akachungulia bwawani. "Siku ya hotuba ya kilimo," akasema, "walinishangilia mpaka nikasimamisha hotuba."

"Ilikuwa imenyesha usiku wake, mzee. Walikuwa wengi."

Bi Siwatu alidhani sasa ndiyo basi, na akaanza kumuaga Zeituni moyoni. Lakini yule mzee akaanza kutikisika. Kwanza mabega, kisha kitambi, kisha kicheko kikamtoka cha kitoto kabisa, akalia kwa kucheka, akajifuta kwa pajama ya nembo.

"Vyura! Na Waziri wa Habari akaniambia ni vijana!" Akamsogelea, akateremsha sauti. "Siwatu, mimi nilikulia mtoni. Nilikuwa nachunga mbuzi, mbuzi wakinywa mimi niko majini. Hakuna aliyenipita kwa mbizi pale kijijini. Tangu nimeingia humu ndani sijagusa maji ambayo hayajakorogwa kwanza na ofisa. Ile baiskeli ya jirani ilikuwa kisingizio. Mimi nataka kuogelea tu."

Bi Siwatu akamwonea huruma, jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini.

"Basi nifukuze, mzee," akasema. "Kesho utaiona sakafu."

*

Jumamosi asubuhi tarumbeta ikapigwa, safari hii kwa huzuni, na majina yakasomwa. Yalikuwa mengi hata mtangazaji akanywa maji katikati. Ni mmoja tu aliyepona katika watu wote wa bwawa: Mheshimiwa Waziri wa Maji, ambaye kwa sasa alikuwa juu ya bwawa, tena alikuwa kwenye kikao.

Wa kwanza kufika alikuwa Chande, anakimbia, suti ameivua njiani. Akalipasua sanduku la kioo kwa kiatu, akaitoa brashi yake na kuikumbatia. Na wimbo ukarudi. Nyuma yake wakaja manaibu na makaimu na wasaidizi, suruali zimekunjwa, ndoo mikononi. Pampu ikavuliwa soksi, ikawashwa, maji ya kijani yakaanza kunywewa na mfereji. Wakaingia mle ndani wakisugua vigae huku wanateleza na kuangukiana, maana tangu wateuliwe hawakuwa wameshika kitu, na furaha ya kushika kitu iliwapanda kichwani. Vyura walichukuliwa kwenye ndoo mpaka mtoni kwa heshima zote, kwa kuwa walikuwa wameitumikia nchi.

Dokta Bungala alikuja mwisho, kavaa bukta. Akashuka ngazi kwa madaha, akakanyaga utelezi, akaenda kwa makalio mpaka upande wa pili.

"Ndugu wajumbe," akasema akiwa amekaa kwenye tope, "kumbe kuna uchafu."

Walivunjika mbavu, naye mwenyewe akacheka, akaomba kitambaa. Alisugua kona moja mpaka ikang'aa, halafu akawaita watu waje waione. Bi Siwatu alikuwa katikati yao, kanga kiunoni, magoti yamelowa, mikono inamwasha klorini, akipokezana wimbo na Chande. Hakukumbuka lini alichoka vizuri namna ile. Magari ya zimamoto yakaleta maji mapya, na jua lilipokuwa linazama wakatoka getini mmoja mmoja, wamekabidhi.

Jumapili marais wakaketi, itifaki ikazingatiwa, na Mlezi Mkuu akasimama ukingoni na bukta yake. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka mistari ya vigae. Akaruka. Wageni wakapiga makofi. Yalikuwa makofi machache, ya kawaida, kwa kuwa hakukuwa na wa kuyasaidia. Lakini mzee hakuyasikia, alikuwa chini kwenye maji. Akaibuka upande wa pili anacheka, akazama tena. Hotuba yake ikasubiri. Chakula kikasubiri. Marais wakasinzia. Waziri wa Habari akachuchumaa ukingoni akamnong'oneza kuhusu ratiba, akarushiwa maji usoni.

*

Harusi ya Zeituni ilifanyika Jumamosi, mama yake akiwepo. Bi Nargisi alikuja amenuna kwa sababu ya kadi, akasema waziwazi kuwa ameahidiwa mheshimiwa na anaona mama mwenye mikono iliyochubuka. Alipoonja pilau akapunguza kununa. Alipoona jinsi Bi Siwatu alivyomshika bwana harusi mashavu na kumwambia, "Baba, nimekupa roho yangu," akaacha kabisa, akatoka kucheza. Chande alikuwepo na mkewe mjamzito. Dokta Bungala alikuwepo, akigawa soda kwa mkono wake, anajisifu kwa kila mtu kuhusu ile kona.

Jioni wageni wameshiba, Bi Siwatu alienda uani kuosha lile sufuria kubwa la Bi Nargisi, lililoazimwa tena kwa pilau, lirudi kwa mwenyewe likiwa safi. Alikuwa ameinama, jivu mkononi, redio ya Mzee Kirobo inaimba dirishani. Mara wimbo ukakatika. Tarumbeta ikalia.

Uwanja mzima ukageukia dirishani.

"Mlezi Mkuu," mtangazaji akaanza, "akiwa amefurahishwa mno na usafi wa Bwawa la Taifa, ameamua kuwazawadia wote waliohusika, na kwa mamlaka aliyonayo amemteua…"

Bi Siwatu alitazama kulia, redio iko mbali. Alitazama kushoto, mikono yote ina jivu. Hakungoja. Akalinyanyua sufuria, akaliingiza kichwani mpaka mabegani.

Ndani mle kulikuwa giza, kunanuka pilau, na mvumo tu kama wa mtu aliyezama. Alikaa humo mpaka mtu akagonga ubavuni mwa sufuria. Akalitoa. Mbele yake alisimama Bi Nargisi, macho yamemtoka pima kwa furaha.

"Mkwe! Mkwe wangu! Umesikia? Umesomwa wa kwanza! Waziri kamili!"

Nyuma ya Bi Nargisi, chini ya turubai, Bi Siwatu akawaona wenzake. Chande amejichomeka vidole masikioni, anaimba kwa sauti ya juu. Naibu wake amejifunika blanketi la watoto. Dokta Bungala amekimbilia kwenye spika za muziki na kulaza kichwa chake juu yake, akimwambia mpiga muziki afungulie yote. Na bibi harusi, ameruka kutoka jukwaani, shela kichwani, amenyoosha mkono dirishani na kuichomoa redio waya.

Bi Siwatu akainama tena, akachota jivu.

"Unasemaje, mkwe?" akauliza. "Maji yameniingia masikioni tangu lile bwawa. Hebu nishikie huku, tumalizie masizi."